Jukwaa lililogeuka karatasi ya mtihani

Historia ya maigizo katika sekondari zetu, na kwa nini Katavi inayahitaji leo

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari wa Litapunga, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, amesoma tamthiliya zilezile anazosoma mwenzake wa Dar es Salaam: Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, Kilio Chetu ya Medical Aid Foundation na Orodha ya Steve Reynolds. Anakariri dhamira, anapanga sifa za wahusika, kisha anaandika insha katika mtihani wa Taifa wa Kiswahili. Anaweza kupata alama A na kuhitimu bila kuona hata onesho moja la tamthiliya hizo likichezwa, wala kuambiwa hata siku moja asimame aucheze uhusika wa Mazoea au wa Mzee Mitomingi, wahusika wa Ngoswe.

Hapo mwanzo mambo hayakuwa hivyo. Katika shule za Afrika Mashariki, jukwaa lilitangulia kitabu.

Mkoloni na jukwaa lake

Kabla ya shule za kizungu, vijana wa huku walijifunza mambo ya utu uzima kwa kuyaigiza: katika jando na unyago, katika ngano za usiku, katika ngoma za kushindana. Wasukuma, ambao wamehamia Katavi kwa wingi, wana Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ambayo hushindana kuvuta watazamaji kwa ubunifu, mbwembwe na dawa. Kijana aliyekulia katika mashindano hayo anajua maana ya kulikamata jicho la mtazamaji tangu hajajifunza kusoma.

Shule za wamisheni na za serikali ya kikoloni zilileta maigizo ya namna nyingine. Wanafunzi walicheza Shakespeare ili ndimi zao zizoee Kiingereza, na baadaye British Council ikaunga mkono mashindano ya michezo ya kuigiza shuleni. Lengo halikuwa mwanafunzi aseme la kwake. Hata hivyo, ukimpa kijana jukwaa, hutamzuia kulitumia apendavyo. Katika miaka ya 1950, Henry Kuria, mwanafunzi wa Alliance High School nchini Kenya, aliandika kwa Kiswahili mchezo wa Nakupenda, Lakini... Ulichapishwa mwaka 1957, ukawa miongoni mwa tamthiliya za kwanza za Kiswahili kutoka katika kitabu. Fasihi yetu ya jukwaa, kwa hiyo, ina deni kwa mwanafunzi wa sekondari.

Uhuru na sauti ya Taifa

Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka uliofuata ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Kiongozi wa nchi alikuwa akionesha kwa vitendo kwamba Kiswahili kinaweza kubeba tamthiliya nzito kuliko zote.

Mwaka 1967 ulileta Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, na ndipo idara ya sanaa za maonesho ilipoanzishwa katika chuo kikuu, Dar es Salaam. Huko ndiko Ebrahim Hussein alikoandika Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, na Penina Muhando akafuata na Hatia mwaka 1972. Mashuleni, ngonjera alizozianzisha Mathias Mnyampala zilienea kwa kasi. Hadi leo, Mwenge wa Uhuru ukipokelewa au mahafali ya kidato cha nne yakifanyika, ngonjera na igizo havikosekani.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka 2007 kikawa taasisi iitwayo TaSUBa. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, nacho kikajijengea jina kwa kuandaa walimu wa masomo ya sanaa. Lakini walimu hao hawakutosha. Katika shule nyingi tamthiliya ikabaki mikononi mwa mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza, mwenye darasa lililojaa na mtihani unaomsubiri. Mtihani hauulizi kama mwanafunzi anaweza kuigiza. Kisichoulizwa kikaacha kufundishwa.

Tuseme

Mwaka 1996, wasomi wa sanaa za maonesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama (ndiye Muhando) na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule chache za sekondari. Mwanafunzi hakupewa mchezo ulioandikwa tayari. Wasichana, pamoja na wavulana, walichunguza wenyewe kinachowakwamisha: mimba, unyanyasaji, kazi za nyumbani, walimu wasiowasikiliza. Walitafuta chanzo chake, wakatunga igizo, wakalicheza mbele ya walimu na wazazi, kisha mjadala ukafunguliwa. FAWE, mtandao wa Afrika unaotetea elimu ya wasichana, uliichukua njia hiyo na kuipeleka nchi nyingine.

Jambo kubwa la Tuseme ni kwamba binti asiyeweza kumwambia mwalimu mkuu neno gumu ana kwa ana anaweza kulisema akiwa ndani ya uhusika, na mwalimu mkuu akalisikiliza hadi mwisho.

Katavi ya leo

Utafiti wa afya ya uzazi na watoto wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa Katavi iliongoza nchini kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au walikuwa na mimba, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 27. Kilio Chetu inalisema jambo hilohilo: wazazi wanaoona aibu kuzungumza na watoto wao, na watoto wanaofundishwa na mitaa. Kuifanya tamthiliya hiyo iwe orodha ya dhamira za kukariri, mahali ambapo kilio hicho ni cha kila siku, ni kuwanyima wanafunzi dawa iliyokwisha kufika mikononi mwao.

Hazina ya kuigizia nayo ipo. Litapunga iko katika ukanda wa Katumba, uliopokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo na watoto wao. Mwaka huohuo UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Shule za ukanda huu, kwa hiyo, zimezungukwa na utajiri wa sanaa: mlio wa ngoma za Kirundi, majigambo ya Kisukuma, simulizi za Wakonongo na Wabende.

Kufundisha uigizaji hakudai jumba wala taa. Chukua Mzee Mitomingi anapozichoma karatasi za Ngoswe, karani wa sensa. Mwandishi wa insha atasema Mitomingi ana hasira. Anayemwigiza lazima aamue: hasira hiyo inaanza lini, inakaa wapi mwilini, sauti inapanda au inashuka, macho yanamtazama nani? Kwa kutafuta majibu hayo anajifunza kupumua, kutamka, kusikiliza, na kuingia katika maumivu ya mtu asiye yeye. Hata insha yake itanoga, kwa kuwa sasa anamjua anayemwandika.

Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024, wenye mkondo wa jumla na wa amali, umefungua mlango kwa sanaa. Nafasi hiyo isiishie kwenye shule chache za mijini. Katavi inaweza kuanza na hatua ndogo: kipindi kimoja kwa wiki cha kucheza tamthiliya badala ya kuisoma tu, mafunzo mafupi kwa walimu wa Kiswahili kutoka kwa wahitimu wa Butimba na Bagamoyo, na mashindano ya kata hadi mkoa kama zifanyavyo shule za Kenya, ambako tamasha la maigizo limedumu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazazi waalikwe, na baada ya kila onesho wapewe nafasi ya kujibu. Tamthiliya iliandikwa ili watu waione kisha wazungumze, na mkoa wenye jambo zito la kuzungumza na mabinti zake hauna sababu ya kuifungia kabatini.