SAUTI IMFIKIE ALIYEKETI NYUMA



Katika siku hizi za yubilei vijana wetu wanapanda jukwaani kutuchezea mchezo. Wengi husifu mavazi na nyimbo, lakini mzee aliyeketi nyuma kabisa huuliza neno moja tu: «Wamesema nini?» Twapenda kueleza hapa ginsi walimu wa zamani walivyolijibu ulizo hilo.

Mwaka 1548 Mapadri Wayezuiti walifungua koleji kule Messina, katika kisiwa cha Sicilia. Baadaye koleji zao zikaenea katika Ulaya, na michezo ikafuatana nazo. Kanuni zao za masomo za mwaka 1599 zaagiza michezo hiyo ichezwe kwa nadra, kwa Kilatini, na juu ya mambo matakatifu. Lakini mwalimu wa usemaji aliruhusiwa kuwapa wanafunzi igizo fupi mle darasani, pasipo mapambo yo yote ya jukwaa. Hapo mtoto hakuwa na vazi la kujifichia. Alibaki na mwili wake na sauti yake.

Sauti hiyo ilifundishwaje? Kitabu chao cha usemaji, kilichotungwa na Padri Cypriano Soarez, kilichota kwa Aristoteles, Cicero na Quintilianus. Huyu Quintilianus, Mroma wa karne ya kwanza, alitaka mtoto afundishwe kutamka na mchezaji wa komedia: asimeze silabi za mwisho, asikwamishe sauti kooni, na inapombidi kupaza sauti, nguvu itoke mbavuni, si kichwani. Kweli, anayepiga kelele kwa koo hupwelewa na sauti kabla mchezo haujaisha.

Matunda yalionekana. Mchezo wa Padri Jakob Bidermann uitwao Cenodoxus, juu ya mwalimu mwenye sifa aliyepotezwa na kiburi, ulichezwa Augsburg mwaka 1602 na München mwaka 1609. Dibaji iliyochapwa mwaka 1666 yasimulia kwamba wakubwa 14 waliouona kule München walikwenda kufanya mafungo, na mchezaji mkuu mwenyewe akaingia Shirikani. Tena Padri Franz Lang, katika kitabu kilichotolewa München mwaka 1727, baada ya kufa kwake, afundisha kwamba mchezaji aulinganishe mwili wote pamoja na sauti, kusudi mioyo ya watu iguswe.

Shirika lilivunjwa mwaka 1773, likarudishwa mwaka 1814. Fundisho halikupotea: sauti njema si kipaji cha wachache tu, bali hupatikana kwa mazoezi ya pumzi, ya kinywa na ya uvumilivu.

Basi, ninyi wachezaji, nanyi mnaosoma Neno la Mungu katika Misa, jizoezeni mapema. Yule mzee wa nyuma ametoka mbali kwa miguu. Tusimrudishe nyumbani pasipo neno.