Nani Alisokota Uzi Huu?

Mtu wa mjini akisikia Kigoma anafikiria mambo matatu: dagaa, mawese na joto la ziwani. Huku kwetu juu, Kibondo na Kasulu, habari ni nyingine. Huku ni milima, migomba, mvua na ukungu. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi vidole vinagoma kushika kalamu. Ndiyo maana nikisema sweta sisemi urembo wala fasheni. Nasema nguo ya lazima.

Nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, barua ya kujiunga na shule ilikuja na orodha ndefu: ndoo, jembe, fyekeo, godoro, na sweta la bluu. Mama alihesabu hela zake, akafika kwenye sweta hela zikawa zimekwisha. Basi akaenda gulioni, akainama kwenye rundo la mitumba, akarudi na masweta mawili makubwa ya kiume. Moja la bluu, limetoboka viwiko. Jingine la bluu pia, lakini bluu iliyokaribia kijani. Mimi nikanuna. Akaniambia, "Subiri kwanza uone."

Usiku ule yeye na Bibi waliketi karibu na kibatari wakayafumua. Usidhani kufumua ni kubomoa tu. Nako ni elimu. Kwanza unachagua sweta ambalo vipande vyake vimeungwa pembeni kwa mkono, si lile lililokatwa kwa mkasi na kupigwa cherehani, maana hilo litakupa vipande vifupi kama tambi. Unafungua mshono, unatafuta ncha pale mfumaji wa kwanza alipomalizia, kisha unavuta. Uzi unatoka umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa. Unauzungusha kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa, unauosha, unauanika huku umefungwa jiwe chini ili unyooke.

Tatizo ni kwamba uzi wa mitumba, wenyewe umeshachoka. Hapo ilikuwa zamu ya Bibi. Alikuwa na kijiti chembamba, na upande wa chini kimepachikwa kiduara cha kibuyu chenye tundu katikati. Aliunganisha nyuzi mbili, akazifunga kwenye kijiti, akakizungusha kwa vidole na kukiachia kining'inie hewani, kikizunguka kama pia. Nyuzi mbili zikawa uzi mmoja, mnene na imara. Mama akaufuma kwa vijiti viwili vya mwanzi alivyovichonga mwenyewe, maana spoku za baiskeli, ambazo wengi huzitumia, zilikuwa nyembamba mno kwa uzi ule. Siku ya kuondoka sweta lilikuwa tayari. Bluu mbili ndani yake, moja ikipokezana na nyingine.

Shule yenyewe sitaitaja. Siku ya kwanza mstarini mwalimu wa zamu alinitoa mbele, akalishika sweta begani kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. "Hii siyo sare," akasema. "Hili ni blanketi." Mstari mzima ukacheka. Nikalivua, nikalifungia sandukuni, nikavumilia baridi muhula wote. Likizo niliporudi nyumbani nililisokomeza chini kabisa ya gunia la nguo kuukuu, nikamwambia Mama limeibiwa bwenini. Mama akasema, "Basi, mwanangu." Hakuongeza neno.

Miaka imepita. Nimemaliza kidato cha nne, niko mtaani, naandika riwaya ambayo mpaka sasa msomaji wake ni mimi peke yangu. Katika kusoma hiki na kile, ndipo kile kiduara cha Bibi kikanirudia.

Vigae vya Kilwa

Katika miaka ya 1960 wachimbaji wa mambo ya kale, wakiongozwa na Neville Chittick, walichimbua Kilwa Kisiwani. Pamoja na misikiti, sarafu na bakuli za kutoka Uchina, walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa kuwa duara na kutobolewa katikati. Havikuwa vitu vya watoto kuchezea. Vilikuwa ni vile viduara vya kusokotea pamba: unapachika kijiti kwenye tundu, uzito wa kigae unakifanya kizunguke muda mrefu, na pamba inajisokota kuwa uzi. Chungu kimevunjika, kigae chake kinazaa nguo. Ni kijiti kile kile cha Bibi, tofauti ni kibuyu tu.

Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno mmoja aitwaye Duarte Barbosa aliandika habari za pwani yetu. Akifika Sofala, ambayo leo iko Msumbiji, anasema Waislamu wa pale walikuwa wakizalisha pamba na kuifuma, ila nguo zao zilikuwa nyeupe kwa sababu hawakuwa na rangi. Unajua walifanyaje? Walichukua nguo za bluu zilizotoka Cambay, kule India, wakazifumua, wakachanganya nyuzi zile za bluu na nyeupe zao, wakafuma upya.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza. Miaka mia tano iliyopita watu walifumua nguo ya mgeni ili wapate bluu! Na wala hakuna aliyewatoa mstarini. Upande wa kaskazini, kisiwa cha Pate kilijulikana kwa nguo za hariri ambazo Wareno wenyewe walizitamani na kuzinunua ili wakauze miji mingine, ingawa hariri yenyewe haikuzaliwa Pate.

Na sisi wa bara je?

Hapa lazima niseme kweli, nisije nikawapamba wazee wangu kwa uongo. Wanyamwezi walisokota na kufuma pamba. Richard Burton, aliyepita kwao akielekea Ujiji, alikofika Februari 1858, aliandika juu ya vitanda vyao vya kufumia. Wafipa nao walisifika kwa nguo nzito za pamba. Lakini Buha vazi kubwa la zamani lilikuwa la gome la mti. Gome la mti wa jamii ya mkuyu linabanduliwa, linapondwa kwa nyundo ya mti yenye mifereji mpaka linapanuka na kuwa laini. Wenzetu wa Uganda, ambao bado wanaifanya kazi hii, huufunga mti majani ya mgomba upone na kuota gome jingine. Kwa hiyo mababu walivaa bila kusokota uzi wowote. Kusokota kwao kulikuwa kwa kamba na vikapu.

Kisha ikaja merikani. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinamwaga Zanzibar majora ya kitambaa cheupe kigumu, ambacho mpaka leo tunakiita kwa jina la nchi yake. Fikiri kidogo juu ya kitambaa kile. Pamba yake ililimwa na watumwa weusi kusini mwa Marekani, ikasokotwa na mashine kaskazini, ikavuka bahari, ikabebwa na wapagazi mpaka huku, na mara nyingine ikanunua watumwa wengine. Uzi mmoja, machozi ya pande mbili.

Huku Buha merikani haikuwa nguo tu, ilikuwa fedha. Novemba 1871, Henry Stanley akimtafuta Livingstone alikatiza Buha ya kusini. Mkuu mmoja, Mionvu, akamdai hongo ya doti 100. Wakavutana sana, mzungu akaishia kulipa doti 75. Mbele akadaiwa tena na mwingine, mpaka akaona mzigo utakwisha kabla ya safari, akaamua kutoroka usiku na msafara wake kimya kimya. Mwenyewe kalalamika weee kitabuni. Mimi nilicheka. Wazee wa Buha walijua bei ya kupita kwenye nchi yao, na waliipima kwa doti.

Lakini kicheko hicho kina uchungu ndani yake. Darasani tulikariri kwamba ukoloni uliua viwanda vya Waafrika, na kwenye mtihani ukiandika hivyo unapata alama. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Wajerumani walitangaza himaya yao mwaka 1885. Merikani ilikuwa imeshatangulia kwa miaka hamsini. Na iliposhindana na pamba ya mkono, haikushinda kwa sababu wafumaji wetu hawakujua kazi. Ilishinda kwa sababu ya uzi. Kufuma kunakwenda haraka, kusokota kunakula siku. Mtu mmoja anayefuma anaweza kumaliza uzi wa wasokotaji kadhaa, na kabla ya hapo kuna kutoa mbegu na kuchambua pamba. Mashine za Ulaya na Marekani zilikuwa zimekivuka kikwazo hicho, sisi tulikuwa bado tunavuka kwa vidole. Hata hivyo watu wa Ufipa waliendelea kufuma kwa muda mrefu, maana nguo yao ilidumu. Ukoloni ulipokuja ulitaka pamba ghafi tu. Kulazimishwa kulima pamba ni moja ya mambo yaliyowasha Vita vya Majimaji mwaka 1905.

Mikono ya Buha ikapelekwa kwenye uzi mwingine. Wakati wa Waingereza mkoa wetu ulikuwa ghala la vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha shirika la kuandikisha wafanyakazi, wazee wakaliita SILABU, na vijana wa Kibondo na Kasulu wakasombwa kwenda Tanga kuwa manamba. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikata mkonge uliotengeneza kamba zilizofunga mizigo ya dunia, akarudi na blanketi moja na kikohozi.

Baada ya Uhuru tukajenga viwanda vyetu. Urafiki, pale Ubungo, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, na vingine vikafuata Mwanza na Musoma. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, nguo ziliadimika. Bibi anasema khanga moja ilivaliwa kwa zamu: huyu akienda kisimani, yule anabaki ndani. Kuanzia mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya biashara, mitumba ikaingia kwa fujo. Kafa Ulaya, watu wakaiita. Ikatusitiri, na ikaviumiza viwanda vyetu. Yote mawili ni kweli, na anayekueleza moja tu ana lake jambo.

Mikono miwili

Basi juzi nilimwuliza Bibi, nani alikufundisha kijiti kile? Nilitegemea aniambie siri ya kale ya ukoo. Wapi! Akasema kufuma sweta alifundishwa na mama mmoja aliyekimbia Burundi mwaka 1972, ambaye naye alikuwa amejifunza kwa masista. Kijiti je? "Hakuna aliyenifundisha," akasema. "Nilikuwa nasokota kamba za vikapu mapajani, goti likaanza kuuma. Nikaona watoto wanacheza pia."

Nikanyamaza. Kumbe yale waliyoyajua mafundi wa Kilwa, Bibi aliyagundua upya uani kwake kwa sababu ya goti, na hakuna kitabu kitakachoandika. Hata lugha yetu haijamtenga na wale wa zamani: aliyefuma doti na anayefuma sweta wote tunawaita wafumaji. Na kinyume cha kufuma hatukuita kuharibu, tuliita kufumua. Mzizi ni ule ule, kazi imerudi nyuma hatua moja ili isonge mbele.

Nikatoka nje. Mdogo wangu wa darasa la sita alikuwa anachanja kuni, amevaa sweta lake la kila siku. Nimeliona mgongoni kwake mara ngapi sijui. Lakini siku ile, kichwa kikiwa bado na habari za Sofala, nililitazama vizuri. Bluu mbili. Moja imekaribia kijani.

Nikamfuata Mama jikoni, nikamwuliza uzi wa sweta la mdogo wangu aliupata wapi.

Aliendelea kukoroga ugali. "Kwenye gunia la nguo kuukuu," akasema. "Ulipolificha."