Notre-Dame de Paris: maana na asili ya jina

Notre-Dame de Paris ni kanisa kuu la Kikatoliki la mtindo wa Kigothi lililoko Île de la Cité, kisiwa cha mto Seine jijini Paris, Ufaransa. Jina lake lina maana ya "Bibi Yetu wa Paris", na Bibi huyo ni Bikira Maria, mama wa Yesu.

Neno "dame" limetokana na "domina" la Kilatini: mwanamke mwenye nyumba na mwenye amri juu ya waliomo. Ufaransa ya zama za kati ililitumia kwa mke wa mwenye ngome, au kwa mwanamke aliyetawala eneo kwa haki yake mwenyewe. Waliokuwa chini yake walimtumikia, naye aliwajibika kuwalinda. Kwa hiyo aliyemwita Maria hivyo alikuwa anajiweka chini ya hifadhi yake. Wakristo walikwisha kumwita Yesu Bwana Wetu. Cheo cha mama kikaja kulingana na cha mwana. Ibada kwa Maria ilishamiri mno katika karne ya 12, na mtawa Bernard wa Clairvaux alikuwa mmoja wa wahubiri wake wakubwa.

Katika karne hiyohiyo, mwaka 1163, Askofu Maurice de Sully alianza ujenzi wa kanisa hili. Kabla yake kisiwani palikuwa na kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, na kumbukumbu yake haikupotea: juu ya mlango wa upande wa kusini kimechongwa kisa cha kuuawa kwa shahidi huyo. Jina la Maria nalo lilipata kuondolewa. Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, jengo liligeuzwa Hekalu la Akili. Ibada ya Kikatoliki ilirudi rasmi mwaka 1802.

Paris haina jina hili peke yake. Makanisa makuu ya Chartres, Reims, Amiens, Rouen na Strasbourg yote ni Notre-Dame, ndiyo sababu jina la mji huongezwa. Hata hivyo, likitajwa Notre-Dame tupu, wengi huelewa la Paris, na riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1831, iliyobeba jina la kanisa lenyewe, ilichangia sana umaarufu huo. Wamisionari waliozungumza Kifaransa walilieneza jina mbali: kanisa kuu la Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni Notre-Dame de la Paix, Bibi Yetu wa Amani.