Kiumbe Kielelezo: Mnyama Gani Huyo?

Shosho mmoja, jirani yetu hapa Bahati, alisikia redioni kwamba dawa ya mimea imewasaidia "wanyama" wenye ugonjwa wa Alzheimer. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwani mbuzi naye husahau?" Aliuliza kwa uchungu. Guka, mumewe, siku hizi hutoka kununua sukari, akapotea njia ya kurudi.

Mtangazaji hakudanganya. Kilichompotosha Shosho ni tafsiri. Kwetu mnyama ni mbuzi, ng'ombe, mbwa. Miongoni mwa wanaotumiwa sana katika majaribio ya mwanzo ni nzi wa matunda na mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans, nasi hao tunawaita wadudu. Ndiyo maana, kwa "model organism", nashikilia tuseme kiumbe kielelezo. "Kiumbe wa mfano" hapana. Mtu wa mfano ni wa kuigwa. Kielelezo tumekizoea mahakamani: panga lililofungwa karatasi yenye nambari, likawekwa mezani kuthibitisha jambo moja. Panga si kesi nzima.

Na mnyoo huyo ndivyo alivyo. Urefu wake ni milimita 1, seli za neva 302, umri wake wiki mbili au tatu. Mwaka 1995 Christopher Link, mtafiti wa Marekani, alitangaza minyoo iliyotiwa jeni ya kutengeneza beta-amiloidi, protini ya binadamu inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa. Ila kwa mnyoo ilitengenezwa kwenye misuli. Katika aina iliyozalishwa baadaye, kisahani chenye minyoo kikiongezwa joto kidogo, protini hutengenezwa na mnyoo hupooza. Mtafiti humgusa kwa ncha ya waya mwembamba: akitikisa kichwa tu, mwili ukabaki palepale, anahesabiwa amepooza. Minyoo iliyolishwa viini vya majani ya mti wa ginkgo ilichelewa kupooza. Hicho ndicho kielelezo.

Hukumu ilikuja kwa watu. Mwaka 2008 Marekani ilitoa matokeo ya jaribio la wazee 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi. Viini hivyohivyo vya ginkgo havikuwakinga na ugonjwa wa kusahau.

Nilimweleza Shosho yote, waya na kisahani. Akanyamaza, akageuza magome yaliyokuwa yakichemka jikoni.

"Kwa hiyo wamepima mwili wa mdudu," akasema. "Kichwa cha Guka bado."