Sheria Ilianza na Chupa: Pombe, Waraibu na Nyumba Zao, Arua na Koboko

Mwaka 1914 West Nile ilihamishwa kutoka Sudan kwenda Uganda, na kituo cha utawala kikawekwa Arua. Kabla ya hapo ardhi hiyo ilikuwa sehemu ya Lado, eneo ambalo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alilishika mpaka alipofariki mwaka 1909. Waingereza walipofika waliwakuta Walugbara na Wakakwa wakinywa kwete, pombe ya nafaka isiyokaa muda mrefu, kwenye matanga, harusi na kazi za ujima. Wao wenyewe walikuja na sheria zilizoandikwa Ulaya: Mkataba wa Brussels wa 1890 na, baadaye, ule wa Saint-Germain wa 1919, iliyobana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwete ikaachwa kwa wazee. Chupa ikawa jambo la serikali.

Kwa nini chupa iangaliwe na mnywaji aachwe? Wako wanaosema ni kazi ya wamisionari, waliotaka kuwalinda Waafrika na pombe ya Wazungu. Wengine hutaja nguvukazi na kodi: vijana wa West Nile walihitajika katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na serikali haikupenda pombe isiyoilipa kitu. Maelezo yote mawili yana ukweli wake, lakini ya pili yana uzito zaidi, na ushahidi wake umo katika yaliyofuata uhuru. Wakoloni waliondoka, na bado katikati ya miaka ya 1960 Uganda huru ikatunga Sheria ya Enguli, yaani nguli, pombe kali ya vijijini. Sheria hiyo haikuzima mitambo ya vijijini. Ilimtaka mpishi awe na leseni, na pombe yake iuzwe kwa kiwanda kilichoidhinishwa, ambako ilisafishwa na kutoka ikiitwa Uganda Waragi. Kama nia ingekuwa afya tu, njia hiyo ya mauzo isingehitajika.

Vijijini leseni haikufika, na upishi haukukoma. Muhogo uliochachushwa hutiwa kwenye pipa la chuma, mdomo wa pipa huzibwa barabara, na moto huwashwa chini yake. Mvuke hupita katika mrija uliozamishwa kwenye maji baridi, na upande wa pili nguli hudondoka chupani tone kwa tone. Kazi hii kwa sehemu kubwa ni ya kina mama, na ada za shule za watoto wengi wa West Nile zimetoka humo. Afisa anayekuja kulimwaga pipa anajua hivyo, na mara nyingi yeye mwenyewe alisomeshwa hivyo hivyo.

Kisha ikaja vita. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi hawakurudi mpaka katikati ya miaka ya 1980. Walirudi kwenye mashamba yaliyoota msitu. Biashara isiyohitaji mtaji mkubwa ilikuwa nguli, na baadaye viroba, pombe kali ya kiwandani iliyouzwa katika pakiti ndogo kwa bei anayoimudu hata mwanafunzi. Serikali ya Uganda ilivipiga marufuku viroba mwaka 2019 na kuagiza pombe kali isiuzwe katika ujazo ulio chini ya mililita 200. Lakini Koboko iko pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana, na katoni la viroba halihitaji njia kuu ili lipite. Agosti 2022 watu zaidi ya kumi walikufa Arua na Madi-Okollo baada ya kunywa jini yenye sumu, nayo ilikuwa imefungwa vizuri, si ya pipa la kijijini.

Mnywaji mwenyewe alichelewa kuonekana na sheria. Sheria ya Matibabu ya Akili ya 1964 ilimjua tu alipofikishwa mbele ya hakimu kama mtu asiye na akili timamu, na hospitali iliyokusudiwa ilikuwa Butabika, Kampala, mwendo wa takriban kilomita 500. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 ilibadilisha mambo kwa kuutaja uraibu wa pombe na dawa miongoni mwa magonjwa. Upande wa bangi na mairungi (miraa), sheria ya dawa za kulevya iliyoanza kutumika 2016 ilizungumzia pia vituo vya kuwarekebisha waraibu. Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaibatilisha, kufuatia kesi ya wakulima wa mairungi, kwa kuwa akidi ya Bunge haikutimia siku ilipopitishwa. Bunge likaipitisha upya Agosti mwaka huo huo.

Wakati Uganda ikirekebisha sheria, mahali pengine watu walikuwa wameanza na nyumba. Marekani, mwaka 1975, wanaume waliokuwa wakiacha pombe walikodi nyumba huko Silver Spring, Maryland, wakachangiana kodi na kukubaliana kwamba anayerudia kunywa anaondoka. Nyumba hizo, Oxford House, zilienea, na majirani wakazipinga kwa kutumia sheria za mipango miji, mpaka mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaupa ushindi upande wa nyumba dhidi ya mji wa Edmonds. Zanzibar nyumba ya kwanza ya namna hiyo, soba hausi, ilifunguliwa mwaka 2009, wakati heroini ilipokuwa imeshika mitaa, ikiongozwa na waliokwisha kuacha wenyewe. Wakazi hukaa miezi kadhaa, huamka pamoja, hupangiana zamu za usafi na kupika, na hukaa vikao vya mpango wa hatua kumi na mbili wa kuacha uraibu. Usimamizi wa serikali ulikuja nyuma ya nyumba: Tanzania Bara kupitia mamlaka ya dawa za kulevya iliyotokana na Sheria Na. 5 ya 2015, na Zanzibar kupitia mamlaka yake iliyoundwa kwa sheria ya 2021.

Anayetaka kufungua nyumba ya namna hiyo Koboko leo ana milango miwili. Akijiandikisha kama kikundi cha jamii chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2016, wilaya itamwuliza katiba na viongozi wake. Akijiandikisha kama kituo cha afya, atadaiwa wataalamu wa tiba, ambao kwa kikundi cha watu wanaochangiana kodi ni gharama isiyobebeka. Mimi ningeuchagua mlango wa kwanza, kwa sharti moja la kimaandishi: mapatano na kitengo cha afya ya akili cha Hospitali ya Rufaa ya Arua. Mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na kufa, na katiba ya kikundi haimwambii msimamizi ampeleke wapi saa nane usiku.