Mabibo ya Kibiti: Harufu ya Mvinyo na Njia ya Siki

Bibo, tunda linalobeba korosho, huanza kuchacha saa chache baada ya kuanguka. Ngozi yake ni nyembamba, nyama yake imejaa maji, na korosho inapozungushwa na kung'olewa, pale ilipoachia hubaki kidonda kinachowapa njia hamira waliokwisha kukaa juu ya tunda. Katika mashamba ya Kibiti na Rufiji, hadi Ikwiriri na Ndundu penye Daraja la Mkapa, msimu wa korosho una harufu zake: kwanza tamu ya matunda, kisha ya pombe, mwisho kali ya siki. Harufu hizo tatu ni hatua tatu za kikemia, na kila hatua ina vijidudu wake. Makala haya yanadai kwamba bibo la pwani linafaa zaidi kufikishwa kwenye siki kuliko kuishia kwenye mvinyo.

Kinachopotea si kidogo. Kila kilo ya korosho ghafi huja na mabibo ya kilo nane hadi kumi. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi, maana yake mabibo ya nchi nzima yalipita tani milioni mbili. Mfumo wa mauzo wa stakabadhi ghalani hupima korosho peke yake. Bibo, lenye vitamini C kama miligramu 200 katika gramu 100, yaani mara nne ya chungwa, huliwa kidogo, jingine huenda kwenye pombe za uraka na gongo, na lililobaki huoza chini ya mti.

Harufu ya mvinyo hutoka kwa sehemu kubwa katika kazi ya hamira, si katika tunda peke yake. Mwaka 1907 mkemia Mjerumani Felix Ehrlich alieleza jinsi hamira anavyoinyang'anya asidi amino naitrojeni yake, na mabaki yakageuka alkoholi nzito: leusini huzaa alkoholi ya isoamili, fenilalanini huzaa alkoholi yenye harufu ya waridi. Alkoholi hizo zikiungana na asidi huwa esta. Isoamili asetati, esta yenye harufu ya ndizi mbivu, hunuswa hata ikiwa mikrogramu 30 hivi tu katika lita nzima. Kiasi kidogo namna hiyo kilikuwa kigumu kutenganishwa hadi wanasayansi A. T. James na A. J. P. Martin walipochapisha mbinu ya kromatografia ya gesi mwaka 1952. Leo mtafiti wa harufu huketi na pua yake kwenye mdomo wa mrija wa mashine. Kila harufu inapopita hubonyeza kitufe na kuitaja, huku mashine ikiandika ni kemikali gani iliyopita dakika hiyo.

Bibo lina esta zake tangu likiwa mtini, ndiyo maana harufu yake hufika mbali. Kasoro yake kwa mvinyo ni sukari. Maji yake yana sukari asilimia 10 hivi, ilhali zabibu za mvinyo, kama zile za Dodoma, huvunwa zikiwa na 20 au zaidi. Gramu 100 za sukari, hamira akizimaliza zote, hutoa gramu 51 za alkoholi, nyingine zote zikiondoka kama hewa ya ukaa. Kwa lita moja hiyo ni asilimia sita na nusu ya ujazo kwa hesabu ya karatasi, na kwa kweli ni pungufu ya hapo. Kupata mvinyo unaokaa, mkulima atanunua sukari. Joto nalo ni adui: uchachukaji ukivuka nyuzi 30, esta nyepesi hutoroka pamoja na hewa ya ukaa. Watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, Mtwara, wamefundisha usindikaji wa mabibo, mvinyo ukiwamo, na kazi hiyo ni ya thamani. Lakini kwa kaya ya Kibiti isiyo na ubaridi, mvinyo mzuri ni mgumu.

Kasoro hizo hizo kwa siki ni sifa. Gramu 46 za alkoholi zikikutana na oksijeni, bakteria wa kundi la Acetobacter huzigeuza gramu 60 za asidi asetiki. Pombe ya asilimia tano hutoa siki ya asilimia tano hivi, nguvu ileile ya siki ya dukani, bila kuongezwa sukari hata kijiko. Joto la nyuzi 28 hadi 30 ndilo bakteria hawa wanalolipenda. Chombo kinachotakiwa ni cha mdomo mpana, kilichofunikwa kitambaa, kisichotikiswa, ili utando wa bakteria uelee juu. Pua ndiyo kipimo: ethili asetati kidogo huipa siki utamu wa matunda, ikizidi hunuka gundi, dalili kwamba pombe bado haijaisha kugeuka.

Ukakasi wa bibo una dawa. Wasindikaji wa Kerala, India, huchanganya maji ya mabibo na uji mwepesi wa mchele. Tanini, chanzo cha ukakasi huo, hushikana na wanga na kuzama. Mchele ni zao la bonde la Rufiji lenyewe.

Kuna jambo la dini pia, na halifai kupuuzwa mahali ambapo wengi ni Waislamu. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa sana pwani, pombe iliyogeuka siki yenyewe ni tohara, bali iliyogeuzwa kwa kutiwa kitu haikubaliki. Njia ya polepole, ya hewa na utando bila nyongeza baada ya kuchacha, inakidhi sharti hilo.

Makapi yanayobaki yanaweza kulishwa ng'ombe yakikaushwa. Kwa baiogesi yachanganywe na samadi, kwa sababu asidi na tanini huwadhoofisha vijidudu wanaotengeneza methani.

Mabibo hayangoji, lazima yakamuliwe siku ileile yanapookotwa. Vyama vya msingi vya ushirika vinavyopokea korosho za Kibiti na Rufiji viongeze kinu cha kukamulia na mapipa ya siki kando ya mizani yao.