Chupa ya Stanley na unyevu wa Ujiji

Wiki hii nina barua kutoka Kigoma. Mwandishi wake ni mstaafu wa reli. Anasema amejenga nyumba karibu na ziwa, na sasa anakusudia kuchimba chumba chini ya sakafu ili atunze humo mvinyo wa Dodoma, ambao amekuwa akiukusanya chupa moja moja tangu alipokuwa kazini. Ameona kwenye picha jinsi wenzetu wa Ulaya wanavyofanya. Fundi amekwisha kumtajia bei, na bei hiyo itameza sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. Anauliza: unyevu ataudhibiti vipi?

Najua wapo watakaosema habari za mvinyo haziwahusu, hasa Ujiji, mji wa misikiti na madrasa. Wasizime redio. Anayetunza mchele, hati ya kiwanja au vitabu vya chuoni ana adui yule yule. Na jibu la barua hii limo katika historia ya mwambao wenyewe.

Tuanze na tarehe 14 Machi 1869. Siku hiyo Dk. David Livingstone aliingia Ujiji akiwa mgonjwa, akitegemea shehena yake iliyotoka pwani. Katika shehena hiyo kulikuwa na dawa, mvinyo na jibini. Vyote vitatu havikufika. Vilikuwa vimeachwa Unyanyembe, karibu na Tabora, mwendo wa siku 13. Nguo nazo zilikuwa zimeibwa: kati ya majora 80, majora 62 hayakuonekana, pamoja na sehemu kubwa ya shanga zake bora.

Akaenda Manyema, akarudi Ujiji Oktoba 1871 akiwa amechoka na hana kitu. Kwa mara nyingine alikuwa ametumiwa mali, na mlinzi wa mali hiyo aliitwa Shereef. Bwana huyu alikuwa ameuza kila kitu ili anunue watumwa na pembe za ndovu. Kati ya yadi 3,000 za nguo haikubaki hata yadi moja. Kati ya ratili 700 za shanga haukubaki hata uzi mmoja. Alipoulizwa, alisema alipiga ramli akaona mwenye mali amekwisha kufa!

Siku chache baadaye akatokea Henry Morton Stanley. Yeye aliandika kwamba ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871, ingawa hesabu za siku za wazungu hao wawili zilipishana. Wengi wetu tulifundishwa shuleni maneno ya salamu yake. Lakini wachache wanakumbuka kwamba walipokwisha kukaa barazani, Stanley alimwita kijana wake Selim alete vikombe vya fedha na chupa moja aliyoitunza makusudi kwa siku hiyo. Ilikuwa shampeni ya Sillery, kijiji kilicho karibu na mji wa Reims huko Ufaransa. Chupa hiyo ilikuwa imetoka Bagamoyo mwezi Machi na msafara wa wapagazi, ikapita mabwawa ya Makata wakati wa masika, ikapita jua la Ugogo na vita vya Mirambo, ikafika nzima.

Kwa nini chupa ya Stanley ilifika na mvinyo wa Livingstone usifike? Kwanza, mwenye mali alikuwa pamoja na mali yake. Pili, chupa ya shampeni ina kioo kinene, na kizibo chake hufungwa kwa waya, hewa haiingii. Tatu, na hili msikilizaji wetu alitie maanani, chupa hiyo ilinywewa siku ile ile ilipofika. Hakuna aliyejaribu kuihifadhi katika tembe la Ujiji.

Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa la udongo lililo bapa. Wakati wa kiangazi kuna ubaridi mzuri ndani yake. Wakati wa masika paa hulowa, kuta hunyonya maji, na kila kilichoegemezwa ukutani huota ukungu. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Ujiji alitaka mali yake itoke haraka.

Sasa twende huko Reims. Watu wa kule hutunza mvinyo katika mapango yaliyochongwa ndani ya miamba ya chokaa, na baadhi yake ni machimbo ya tangu enzi za Warumi. Humo ndani joto halizidi nyuzi 10 hadi 12, kiangazi na kipupwe. Mvinyo hupenda hali hiyo: ubaridi usiobadilika, giza, utulivu, na unyevu wa wastani, kama asilimia 60 hadi 70. Unyevu ukikosekana kabisa, kizibo hukauka na kusinyaa, hewa ikaingia, mvinyo ukageuka siki. Unyevu ukizidi, kizibo huota ukungu na karatasi ya jina hubanduka.

Lakini shimo halizalishi ubaridi. Ukichimba mita kadhaa, ardhi hukupa wastani wa joto la mwaka mzima la mahali ulipo. Reims wastani huo ni mdogo kwa sababu wana majira ya baridi kali. Kigoma wastani unakaribia nyuzi 24. Kwa hiyo ndugu yetu akichimba kwa gharama zote hizo, atapata chumba chenye joto lile lile la sebuleni, ila chenye maji zaidi.

Na maji ya Tanganyika hayakai mahali pamoja. Mwaka 1874 Luteni Cameron aliuona mto Lukuga, upande wa Kongo, ambako ziwa hutolea maji yake. Mlango wake ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, na ziwa lilikuwa likijaa. Mwaka 1878 kizuizi hicho kilibomoka, maji yakatoka kwa nguvu, na kabla karne haijaisha ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10. Anayetembelea kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji hushangaa kuona ufukwe uko mbali. Katika siku zake ulikuwa karibu. Halafu kuanzia mwaka 2020 maji yalipanda tena, yakaingia katika nyumba za watu Burundi, Kongo na kwetu. Shimo lililo kavu leo linaweza kuwa kisima kesho.

Waliolijua tatizo hili vizuri ni mapadri. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji Januari 1879. Sheria ya Kanisa lao hutaka divai ya zabibu halisi isiyoharibika. Divai ikiwa siki, hakuna misa. Na divai yenyewe ilitoka pwani, juu ya vichwa vya watu, kwa miezi kadhaa. Kwao kizibo kibovu hakikuwa hasara ya kinywaji tu.

Wenyeji wa mwambao walikuwa na mtindo wao. Hawakuchimba chini, waliinua juu. Nafaka iliwekwa katika vihenge vilivyoinuliwa juu ya mawe au magogo, upepo upite chini. Dagaa walianikwa juani mpaka wakakauka. Chumvi ya Uvinza, inayonyonya unyevu, ilifungwa vizuri na kuuzwa mapema. Tembo la mchikichi halikuwekwa kabisa: likigemwa asubuhi, jioni limekwisha. Watu hao walijua hewa ya kwao inaruhusu nini na inakataa nini.

Mtu anaweza kuniuliza, je, hakuna kitu kilichowahi kutunzwa chini katika nchi hii kikapona? Kipo kimoja, tena kikubwa. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani, wakikimbia Kigoma, waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen. Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashine zake grisi nzito ili zisipate kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, mashine zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ikabeba abiria na mizigo ya ziwa hilo kwa miongo mingi. Miaka kadhaa majini, ikapona kwa sababu ya grisi! Lakini mafundi wale walijua wanaweka nini, na walikizuia maji na hewa kabla ya kukiacha.

Basi ndugu mstaafu, jibu langu ni hili. Usichimbe. Tenga chumba kidogo juu ya ardhi, katikati ya nyumba, upande usiopigwa na jua la alasiri, mbali na jiko. Nje, hakikisha maji ya bati yanapelekwa mbali na msingi, kwa sababu matone ya paa huweza kuleta unyevu ndani ya nyumba. Ndani, piga kuta lipu ya chokaa, ambayo huruhusu ukuta kupumua. Tengeneza chaga ya mbao iliyoinuka kutoka sakafuni na kuachana na ukuta kwa shubiri moja. Laza chupa zenye kizibo cha gome, ili mvinyo uguse kizibo kisikauke.

Madirisha yafunguliwe alfajiri, yafungwe mchana wa masika. Umeona chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani? Ndivyo hewa ya joto yenye mvuke inavyofanya ikikutana na ukuta wenye ubaridi. Wengi hufungua madirisha mchana wakidhani wanakausha chumba, kumbe wanaingiza maji.

La mwisho ni gumu kidogo kulisema. Sehemu kubwa ya mvinyo duniani hutengenezwa ili inywewe mapema, na katika joto la nyuzi 24 huzeeka upesi zaidi. Chupa zako za kwanza huenda zimekwisha kupita wakati wake. Fungua moja leo uonje. Kama bado ni nzuri, usingoje shimo. Waite wenzako mliofanya nao kazi kwenye reli, wangali hai. Kiinua mgongo kitafute kazi nyingine.

Stanley alitunza chupa yake kwa ajili ya mtu, na alipomwona mtu huyo akaifungua. Shereef alitunza mali ya mtu aliyedhani hatarudi. Kati ya hao wawili, kila mwenye stoo achague anayemfaa.

Tukutane wiki ijayo.